Miezi kumi na baiskeli ya mtumba ya Kijapani hapa Tanga

Baiskeli yenyewe ni ya kike, haina bomba la juu, rangi ya samawati iliyopauka, magurudumu ya inchi 26, kapu la waya mbele na keria nyuma. Kwenye fremu, chini ya siti, bado ina kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani na namba. Nimekuja kuelewa kwamba huo ni usajili wa kule kwao, maana Japani baiskeli huandikishwa ili ikiibiwa mwenyewe ajulikane. Nililipa shilingi 180,000 kwenye yadi moja ya mitumba, na siku hiyo hiyo fundi akachukua 46,000 nyingine. Kwa hiyo aliyekuja kutafuta bei, bei ni 226,000.

Lakini mimi sikuinunua kwa ajili ya usafiri. Niliinunua nikiwa mgonjwa, na hapo ndipo nitakapoitathmini.

Nilikuwa karani wa nyaraka kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, miaka 17. Asubuhi moja tuliitwa watu sita, tukapewa bahasha. Sikulia. Nilirudi nyumbani Makorora, nikapika, nikala, nikalala. Yaliyonipata yalikuja baadaye, taratibu, kama maji yanavyopanda kisimani. Usingizi ukawa unakatika saa nane za usiku na haurudi tena. Nikaacha kwenda kwenye shughuli za watu. Kadi ikija, mchango natuma, mwenyewe siendi, kwa sababu nililijua swali la kwanza nitakaloulizwa: "Siku hizi uko wapi?" Nikienda dukani nilizunguka uchochoro wa nyuma ili nisipite mbele ya baraza walipokaa watu. Mimi niliyekuwa nikitoka nyumbani saa moja na nusu kila siku na mkoba begani, nikaanza kujiona kama kitu kilichosahaulika stoo.

Dada yangu ndiye aliyenishika mkono hadi hospitali. Daktari aliniambia ugonjwa wenyewe una jina, unaitwa sonona, na kwamba si uvivu wala upungufu wa imani. Akaniandikia dawa, akanipangia siku za kurudi tuzungumze, halafu akaniuliza, "Mama, unafanya mazoezi yoyote?" Nikamjibu sifanyi. Akasema, "Basi anza na lolote ambalo hutalichukia."

Nilianza na jimu, na hapo nilikosea. Sitaitaja, na najua wapo wanaoipenda. Darasa la akina mama lilikuwa saa kumi na mbili jioni, ukuta mzima kioo, na kila Jumatatu mnapanda mizani mbele ya wenzenu, kilo zinaandikwa ubaoni. Mwalimu alikuwa kijana mwenye bidii na nia yake ilikuwa njema. Lakini mtu ambaye hataki hata kuonekana barazani, ukimsimamisha mbele ya kioo saa nzima unamtonesha kidonda. Wiki ya tatu ubao ulisema nimeongezeka kilo moja na nusu. Sikurudi.

Kukimbia nako hakukunifaa. Vikundi vya jogingi havikosekani. Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, ilitangazwa kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, na mimi huwasikia wakipita alfajiri wakiimba, moyo unataka. Goti langu la kushoto ndilo linalokataa lami.

Ikabaki baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani, tambarare, na mwanamke juu ya baiskeli hapa hashangazi mtu. Nilijifunza nikiwa na miaka tisa kwenye baiskeli ya marehemu baba, nikipitisha mguu chini ya lile bomba kwa sababu sikufika juu. Miaka zaidi ya 30 sikuwa nimeigusa.

Siku niliyoinunua haikunifikisha nyumbani. Nilikuwa sijamaliza barabara tatu za Ngamiani gurudumu la nyuma likaisha upepo. Nikaikokota hadi kwa mzee mmoja fundi anayekaa chini ya mti wa mkungu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Mtumba huo? Leo hii?"

"Leo hii, babu."

Akaipindua ikasimama kwa usukani na siti, akalitoa tairi upande mmoja kwa vijiko viwili vya chuma, akaivuta tyubu nje. Tukahesabu viraka: saba. Muuzaji aliniapia kwamba tyubu zote mbili ni mpya. Nilihisi uso unachemka, na ile sauti ya ndani iliyonisumbua miezi yote ikasema: unaona, hata baiskeli huwezi kununua. Babu hakusema neno juu ya muuzaji. Alivuta beseni la maji akanisogezea. "Haya, tafuta mwenyewe inapovuja."

Nilipiga magoti vumbini na dera langu. Nikaizungusha tyubu majini kidogo kidogo huku nikiiminya, mpaka vipovu vikatoka vimefuatana kama shanga, pembeni ya kiraka cha nne. Nikaweka kidole nisipapoteze. Akanipa msasa, nikakwangua mpaka weusi ukageuka kijivu. Nikapaka solusheni. Nilitaka kubandika hapo hapo, akanizuia mkono: "Iache ikauke kwanza. Ukibandika mbichi, kesho utarudi hapa." Tukangoja. Mimi ni mtu ambaye kwa miezi kungoja chochote kulikuwa mateso, lakini pale nilikuwa naangalia gundi ikipoteza mng'ao wake na sikuwa nawaza kitu kingine. Nikabandika, nikagongagonga kwa kinyundo, tukarudisha tyubu ndani, nikapiga pampu mwenyewe hadi tairi likawa gumu.

Niliposimama mikono ilikuwa myeusi hadi viwiko. Tangu ile bahasha, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kilichoharibika ambacho mimi nimekitengeneza. Kiraka hicho kipo mpaka leo. Zile 46,000 zilikwenda kwenye tyubu ya mbele, waya za breki, gololi za pedali na pampu ya kwangu mwenyewe.

Baadaye nilikumbuka habari za Lutindi, kule Korogwe, hapa hapa mkoani kwetu. Ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo tangu zama za Wajerumani, na wagonjwa wake hushughulishwa na kazi za mikono na mashamba kama sehemu ya matibabu. Zamani nilidhani ni namna tu ya kuwapitishia watu muda. Sidhani hivyo tena.

Safari yangu ya kila siku huanza baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijakaza. Natoka Makorora, napita kwenye zile barabara za namba za Ngamiani, navuka reli, nashuka hadi bustani ya Jamhuri ambapo bahari inafunguka na kisiwa cha Toten kinaonekana, halafu nafuata barabara ya Bombo kwenda Raskazone. Wiki ya kwanza niliishia Bombo. Miguu ilitetemeka, nikashuka, nikakaa kwenye ukingo wa barabara mpaka moyo ukatulia, nikarudi nikiikokota. Wiki ya pili vivyo hivyo. Siku ya 19 nilifika Raskazone, nikaegemeza baiskeli nikatazama maji. Hakuna aliyenipigia makofi, na sikuhitaji makofi. Nilijua tu kwamba jana sikuweza na leo nimeweza, na hilo halikuwa la kuambiwa na mtu.

Kitu ambacho sikukitegemea ni mchanga. Ule uchochoro wa nyuma niliokuwa nikijifichia una mchanga mwingi, na baiskeli yenye tairi nyembamba haipiti, inazama. Ilibidi nipite barabara ya mbele, mbele ya baraza lile lile. Siku ya kwanza nilikaza macho barabarani. Siku ya tatu mama mmoja mtu mzima akaniita, "We, unapita hivyo hivyo bila salamu?" Nikapiga kengele, nikasema shikamoo. Sasa ni kawaida: kengele, shikamoo, marahaba, naendelea. Salamu zenyewe ni za sekunde tatu, hakuna nafasi ya mtu kuniuliza niko wapi siku hizi, na mimi nilihitaji kuanza na sekunde tatu.

Na kuna hili la mawazo. Anayejua sonona anajua jinsi wazo moja linavyozunguka kichwani usiku na mchana kama punda wa kinu. Juu ya baiskeli lile wazo halifi, ila linakosa pa kukaa. Kuna shimo mbele, kuna bajaji inaingia bila ishara, kuna mbuzi wa mtu, kuna upepo wa kusi unaokusukuma ubavuni. Dakika 40 kichwa kinafanya kazi ya mwili. Katika wiki ya tano nililala mpaka saa kumi alfajiri bila kuamka, na nilipofumbua macho nilidhani saa imeharibika.

Mpwa wangu anasoma uuguzi, na nikamwomba aniangalizie kama haya ni yangu peke yangu. Akanisomea utafiti uliotoka mwaka 2018 kwenye jarida la Lancet Psychiatry, ambao uliangalia majibu ya watu milioni 1.2 wa Marekani. Waliofanya mazoezi walikuwa na siku mbaya za kiakili pungufu kwa takriban asilimia 43 katika mwezi, ukiwalinganisha na watu wanaofanana nao kwa umri, kipato na mengine lakini hawafanyi mazoezi. Walionufaika zaidi ni wa michezo ya timu na wa baiskeli. Kipimo kilichoonekana kufaa ni kama dakika 45, mara tatu hadi tano kwa wiki, na waliozidisha sana hawakuwa bora kuliko wenzao. Nilipenda hilo la mwisho, kwa sababu wapo wanaokutisha kwamba usipojiumiza hujafanya kitu. Shirika la Afya Duniani nalo linataja dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani kwa mtu mzima. Safari zangu tano za asubuhi zinanifikisha humo.

Lakini mpwa aliniambia pia jambo la haki: ule ni utafiti wa kuulizwa maswali, kwa hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba mazoezi ndiyo yaliyowaondolea huzuni. Inawezekana vilevile mwenye huzuni hafanyi mazoezi. Hilo nalijua kwa mwili wangu. Mwezi wa kwanza wa ugonjwa sikuweza kufika bafuni bila kupumzika, mtu angeniambia nipande baiskeli ningemwona hanijui. Dawa ndizo zilizoninyanyua kitandani. Baiskeli ilinipokea nikiwa nimeshasimama. Kuna utafiti mwingine wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wa mwaka 1999, uliochukua watu 156 wa miaka 50 na zaidi wenye sonona. Kundi moja likapewa dawa, jingine mazoezi, jingine vyote viwili, kwa wiki 16. Mwishoni makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana, ila waliokuwa kwenye dawa walianza kuipata mapema. Kwa hiyo nawaomba, anayetumia dawa asiziache kwa sababu amesoma habari ya baiskeli yangu. Mimi nilizipunguza mwezi wa nane, daktari akiwa ndiye anayepunguza.

Kuhusu kujithamini, ambako ndiko nilikoumia zaidi, mpwa alinijazisha karatasi yenye sentensi 10. Ilitungwa na Morris Rosenberg wa Marekani mwaka 1965 na bado hutumika kupima jinsi mtu anavyojiona. Unajibu kila sentensi kama unaikubali au huikubali, na kwa namna aliyoihesabu yeye jumla inafika 30. Nilijaza mara mbili. Mwezi wa kwanza wa baiskeli nilipata 11, mwezi wa tisa nikapata 19. Tulizitazama karatasi zote mbili mezani. Iliyobadilika kuliko zote ni ile inayouliza kama unaweza kufanya mambo sawasawa na watu wengine. Kilo zangu katika muda huo zimepungua tatu tu, na hakuna aliyeziona. Kwa hiyo siamini tena kwamba mtu anajipenda kwa sababu amepungua. Nilianza kujiheshimu kwa kuona kitu ninachoweza kukifanya, nikakifanya, na kesho nikakifanya tena mbele zaidi. Mizani ya Jumatatu isingenipa hicho hata ningepungua kumi.

Mwezi wa saba nilikwenda mapango ya Amboni, kama kilomita nane kutoka mjini, peke yangu, na chupa mbili za maji na mihogo ya kuchemsha kapuni. Kipande cha mwisho baada ya kuacha lami kilinitoa jasho. Nilikaa kivulini karibu na mapango, nikala, nikarudi kabla ya adhuhuri. Wiki ile ile nilikwenda harusini, ya kwanza tangu nipunguzwe kazi. Swali likaja, kama nilivyojua litakuja: "Siku hizi uko wapi, shoga?" Nikamjibu, "Nipo, nashona nyumbani. Na Jumapili nilienda Amboni kwa baiskeli." Akaacha sahani yake. "Amboni? Wewe?" Mazungumzo yote ya meza yakawa ya Amboni.

Sasa kasoro, kwa anayetaka kununua.

Breki ya nyuma inalia. Kwenye baiskeli hizi breki ya nyuma ni ya mkanda unaobana ngoma, na ikishika vumbi na unyevu inatoa mlio unaoamsha mtaa. Fundi aliifungua akaisafisha, ikanyamaza wiki mbili, ikarudi. Inashika vizuri, ila inalia. Gia ni tatu na zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Yangu ya tatu haiingii, na vipuri vyake sijavipata Tanga. Kwa mji tambarare mbili zinatosha. Dainamo inayosuguana na tairi inawasha taa safi, lakini ukiishusha unahisi kama umebeba mtu nyuma, kwa hiyo alfajiri za giza natumia tochi niliyoifunga kwenye usukani. Ile kufuli ya duara kwenye gurudumu la nyuma ilikuja bila ufunguo, waliikata kwa msumeno, na nimenunua mnyororo. Chumvi ya bahari inakula kila kitu: ukitoka Raskazone futa rimu na mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta, usiache hadi kesho. Miezi ya masika, Aprili na Mei, nilipoteza karibu nusu ya asubuhi zangu, na wiki niliyokaa ndani siku tano mfululizo niliuona usingizi unaanza kukatika tena.

Mazuri yake kwa akina mama: kava la mnyororo ni zima, nguo hainaswi. Baibui ni hatari kwenye gurudumu la nyuma, kwa hiyo nimejishonea suruali pana za pamba ninazovaa chini ya dera, na dera nalifunga fundo pembeni. Wenzangu wawili wameniagizia za kwao. Siti ni pana, haiumizi. Kupanda na kushuka ni rahisi hata kwa goti baya, na lile goti langu halijawahi kulalamika.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano naizuia kwa sababu ya breki na gia. Yadi niliyonunua siipi hata moja, kwa sababu ya zile tyubu.

Dada yangu sasa anataka ya kwake, nyekundu. Nimemwambia asubiri kontena jipya, na asiende peke yake. Tutakwenda wote na beseni letu la maji, tyubu zitoke nje kwanza ndipo pesa itoke.